Tumemhesabu chura, tumesahau manyunyu

Juzi usiku umeme ulikatika hapa mtaani kwetu Wazo. Joto la Dar unalijua. Ndani hapakaliki, kwa hiyo tukatoka nje, kila mtu na kiti chake. Kabla sijakaa vizuri jirani yangu, Baba Neema, akanirushia neno: "Msomi, waambie wale vyura wenu waturudishie umeme." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Baba Neema anajua nasoma shahada ya uzamili ya zoolojia, na kwa watu wa rika lake zoolojia ya nchi hii ina mnyama mmoja tu wa kutaniana: chura wa Kihansi.

Kicheko kilipoisha, binti yake aliye kidato cha tatu akauliza swali zuri kuliko maneno yetu yote. Alikuwa ameona video fupi kwenye simu kuhusu salamanda wa misitu ya Marekani. "Kaka, eti yule mnyama hana mapafu kabisa. Sasa anapumua na nini? Mbona sisi tumefundishwa amfibia akishakua anapumua kwa mapafu?"

Swali la binti nililijibu kwa dakika tano. Utani wa baba yake nimekaa nao wiki nzima, mpaka nikaona kwamba yote mawili yanahusu jambo lilelile. Ndiyo maana naandika makala hii, na nikwambie mapema kwamba ni ya kukosoa. Nakosoa namna tunavyoisimulia habari ya chura wa Kihansi: mtaani, kwenye vyombo vya habari na darasani. Mwishoni nitafika kwetu sisi wenyewe tunaowaandikia watu sayansi, maana hatuna usafi huo wa kunyooshea wengine vidole.

Tuanze na yule wa kwenye video

Salamanda ana umbo la mjusi, lakini ni ndugu wa chura: ngozi yake ni laini na haina magamba. Familia yao kubwa kuliko zote inaitwa Plethodontidae. Ina spishi zaidi ya 400, na wote wakishakua hawana mapafu. Mmoja wao, Plethodon cinereus, amejaa kwenye misitu ya mashariki mwa Marekani na kusini mashariki mwa Kanada. Ni mwembamba, urefu wake pamoja na mkia haupiti sana kidole cha mkono. Anapumua kwa ngozi na kwa utando wa ndani ya mdomo. Oksijeni inapenya, inaingia kwenye mishipa midogo ya damu iliyo chini tu ya ngozi, na hewa ya ukaa inatoka kwa njia hiyohiyo.

Ila kuna sharti. Ngozi lazima iwe na unyevu, kwa sababu oksijeni huyeyuka kwanza kwenye maji yaliyo juu ya ngozi ndipo ipenye. Ikikauka, mnyama anakosa pumzi huku amezungukwa na hewa. Tena ngozi nyembamba kiasi cha kuingiza hewa haiwezi kuyazuia maji ya mwilini yasitoke. Kwa hiyo salamanda huyu anaishi chini ya magogo yaliyooza na majani yaliyoanguka, anatoka kuwinda wadudu usiku wa mvua, na ardhi ikianza kukauka anarudi chini. Hata mayai anataga mahali penye unyevu ndani ya gogo, na watoto wanaanguliwa wakiwa salamanda wadogo kamili. Hakuna kiluwiluwi wa kuogelea bwawani.

Mtu anaweza kutembea kwenye msitu huo siku nzima asimwone hata mmoja. Lakini mwaka 1975 watafiti wawili, Burton na Likens, walichapisha hesabu kutoka msitu wa Hubbard Brook, jimbo la New Hampshire: ukiwapima salamanda wote kwa pamoja, uzito wao ulizidi wa ndege wote wa msitu huo.

Kwetu salamanda hakuna. Kusini mwa Sahara hawapo kabisa. Lakini lile somo lao, kwamba mnyama mwenye ngozi ya namna hii huwezi kumtenganisha na unyevu wa mahali anapoishi, sisi tunaye wa kutufundisha. Ndiye huyo anayesingiziwa kukata umeme Wazo.

Mnyama mwenyewe ni nani?

Mto Kihansi unashuka kutoka milima ya Udzungwa kuelekea bonde la Kilombero. Kabla ya kufika chini unapita kwenye korongo lenye maporomoko makubwa. Maji yalipokuwa yakianguka kwa nguvu zote yalipasukia kwenye miamba, yakageuka manyunyu, na upepo wa maporomoko yenyewe ukayasukuma manyunyu hayo juu ya majani mchana na usiku, masika na kiangazi. Eneo lililolowa hivyo lilikuwa kama hekta 2 tu. Ni viwanja vitatu hivi vya mpira.

Hapo, mwaka 1996, wakati ujenzi wa mradi wa umeme umeshaanza, watafiti wakakuta chura mdogo wa manjano ambaye hajawahi kuonekana mahali pengine popote duniani. Poynton, Howell, Clarke na Lovett wakamwandika kitaalamu miaka michache baadaye. Kim Howell alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walimwita Nectophrynoides asperginis, na hilo neno la pili limetoka kwenye Kilatini likiwa na maana ya manyunyu. Yaani tangu siku ya kwanza waliompa jina walimtambulisha kwa maji yale.

Jike mkubwa hafiki sentimita 3, dume hafiki 2. Ngozi ya tumbo inapitisha mwanga, kiasi kwamba jike mwenye mimba unaweza kuwaona watoto ndani. Naam, mimba: huyu hatagi. Anazaa vyura wadogo kamili, wa kama milimita 5 kila mmoja, na wala hawapiti hatua ya kiluwiluwi wa kuogelea. Kati ya spishi zaidi ya 7,000 za vyura duniani, wanaozaa hivi ni wachache mno.

Mapafu anayo, tofauti na salamanda. Lakini kama vyura wengine, sehemu ya pumzi yake inapita kwenye ngozi, na maji hanywi kwa mdomo, anayanyonya kwa ngozi. Mwili mdogo kiasi hicho una ngozi nyingi ukilinganisha na nyama iliyo ndani, kwa hiyo hukauka upesi. Kwa mnyama wa namna hii manyunyu ni kama sehemu ya mwili iliyobaki nje. Sasa tuangalie tulivyomsimulia.

Masimulizi ya kwanza: mzaha

Mzaha wa kijiweni unasema hivi: Wazungu waliona vyura, wakatuzuia kupata umeme, kisha vyura wakapanda ndege kwenda Marekani wakati sisi nauli ya daladala inatushinda.

Nisiudharau. Ndani yake kuna swali la haki: nani anaamua kwamba mnyama huyu ana thamani, na nani analipa? Mtu anayekaa gizani ana haki ya kuuliza. Mimi mwenyewe nyumba ninayopanga imejengwa kwa saruji, na kilima chetu cha Wazo kinachimbwa mawe ya chokaa ya kutengenezea saruji hiyohiyo. Siwezi kukwambia kwamba maendeleo yanakuja bila kugusa mahali fulani.

Ila mzaha umekosea mpangilio wa matukio. Umeme haukuzuiwa. Mradi wa Kihansi chini, wenye uwezo wa megawati 180, ulikamilika, na kuanzia mwishoni mwa 1999 na mwaka 2000 maji yakaelekezwa kwenye handaki la kwenda kwenye mitambo. Takriban asilimia 90 ya maji ya mto yakaacha kupita kwenye maporomoko. Mto uliokuwa na wastani wa kama mita za ujazo 16 kwa sekunde ukabaki na 2 hivi korongoni. Manyunyu yakanyauka, na majani ya mahali pakavu yakaanza kuingia kwenye zile hekta 2. Aliyenyimwa kitu chake ni chura. Safari ya ndege ilikuja baada ya hapo.

Na hayo maji machache yanayoachwa kwa ajili ya korongo yanaenda wapi? Yanaendelea mtoni, yanaingia Kilombero, halafu Rufiji, mpaka Bwawa la Mwalimu Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Njia hiyohiyo ndiyo inayopitwa na maji yanayotoka kwenye mitambo ya Kihansi. Kwa hiyo tunapoyaacha yapite kwenye maporomoko tunapoteza umeme ambao yangezalisha pale Kihansi tu. Hiyo ni gharama, siifichi. Lakini ni gharama ya kupimwa kwa namba, siyo ya kutupwa kijiweni kama vile chura ameumeza mto mzima.

Masimulizi ya pili: ushindi

Haya ndiyo yanayopendwa na magazeti, hasa ya nje. Novemba 2000 walichukuliwa vyura 499, wakapelekwa Bronx Zoo, New York. Baadaye bustani ya wanyama ya Toledo, Ohio, ikawa nyumba yao nyingine. Korongoni wakatoweka. Agosti 2010 vyura 100 wakarudi Tanzania na kuwekwa kwenye kituo maalumu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Kwa mara ya kwanza, tunaambiwa, amfibia aliyetangazwa kutoweka porini amerudi nyumbani. Makofi.

Makofi na mimi nimepiga. Kazi ya wale watunzaji si ndogo. Ilibidi wajifunze kila kitu upya: mashine za kunyunyiza, taa za mionzi ya UV, wadudu wadogo wa kufugwa kwa ajili ya chakula. Miaka ya mwanzo walikufa wengi hata wale 499 wakashuka chini ya 100. Bila uvumilivu huo leo tungekuwa tunamsoma chura huyu kwenye chupa za makumbusho.

Kasoro ya masimulizi haya ni kipimo chake. Yanahesabu vyura: 499, kisha chini ya 100, kisha maelfu, basi tumeshinda. Lakini hesabu hiyo ilishatudanganya mara moja. Juni 2003, korongo likiwa limeshawekewa mabomba ya kunyunyizia yaliyochukua nafasi ya maporomoko, makadirio yalikuwa vyura kama 20,000. Kwa anayehesabu vichwa peke yake, mambo yalikuwa shwari. Januari 2004 walioonekana walikuwa watatu. Mwaka 2005 ndio mwisho wa kuonekana, na mwaka 2009 IUCN ikamtangaza kuwa ametoweka porini.

Kilitokea nini ndani ya ile miezi michache? Masimulizi ya ushindi yanajibu kwa neno moja: fangasi. Ni kweli kwamba fangasi wa kitridi, anayeua amfibia duniani kote, alikutwa kwenye maiti za vyura hao. Lakini katika kipindi hichohicho mabomba ya kunyunyizia yalisumbua, na bwawa lilifunguliwa kusafishwa, likamwaga korongoni tope lililokuwa na mabaki ya dawa za kuua wadudu wa mazao. Wataalamu wamebishana kuhusu uzito wa kila sababu. Sisi wasimuliaji tumechagua ile moja isiyo na mhusika wa kuulizwa.

Halafu angalia huyo fangasi anaua vipi. Anakula ngozi. Ngozi ya amfibia ndiyo inayoongoza chumvi na maji kuingia na kutoka mwilini; ikiharibika, chumvi za damu zinavurugika na moyo unasimama. Maji yaliyopungua, tope lenye sumu, fangasi: vyote vitatu vinakutana kwenye ngozi. Huwezi kusimulia kifo cha mnyama huyu ukaacha ngozi, na huwezi kueleza ngozi ukaacha manyunyu. Lakini soma habari nyingi za "chura amerudi nyumbani" uone kama utakuta sentensi mbili kuhusu hali ya nyumba yenyewe.

Masimulizi ya tatu: kitabu cha shule

Hapa ndipo binti ya Baba Neema alipokwama, na wewe pia pengine ulikariri hivihivi: amfibia anaishi majini na nchi kavu, anataga mayai majini, kiluwiluwi anapumua kwa matamvua, mkubwa anapumua kwa mapafu. Ukipata maksi zako, unasonga mbele.

Kwa chura wa kawaida wa dimbwi maelezo hayo si mabaya. Kwa chura wa Kihansi yanakosea karibu kila kipengele. Hatagi, kiluwiluwi wake haogelei, na habari ya mapafu ni nusu tu ya habari. Sisemi kila mwanafunzi akariri vyura wote wa Tanzania. Nasema kwamba ukimfundisha mtoto kuwa ngozi ya amfibia ni kifuniko tu, umemnyima kile ambacho angekitumia kuelewa kwa nini kupunguza maji ya maporomoko ni kumgusa mnyama mwenyewe. Atakua, atakuwa mhandisi au mbunge, na mtu akimwambia "chura tutamhamishia sehemu nyingine" hataona tatizo. Kwa elimu aliyopewa, sehemu ni kama meza ya kuwekea chura.

Na jambo hili halikuishia Kihansi. Tathmini za mazingira kabla ya ujenzi hazikumwona chura huyu kwa sababu hakuna aliyekwenda kutafuta kwenye manyunyu. Kwenye korongo hilohilo umekutwa pia mbuni wa mwituni, Coffea kihansiensis, usioota kwingine. Ni mangapi mengine yanakaa kwenye hekta mbili mbili za nchi hii, nasi tunapita juu yake kama mtembeaji wa Hubbard Brook asiyegeuza gogo?

Sasa zamu yetu

Nilisema nitafika kwetu. Mwaka jana nilikwenda kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya huku kwetu. Nilikuwa na slaidi nzuri. Chura wa Kihansi nilimwonyesha kwa picha kubwa, manjano inang'aa, amekaa juu ya karatasi nyeupe. Nikataja jina la Kilatini, nikataja Bronx, nikataja 2012. Walipiga makofi. Mwanafunzi mmoja wa nyuma akauliza, "Sasa hapo amekaa wapi?" Nikajibu, "Hapo ni kwa ajili ya picha tu." Tukaendelea.

Sasa naona aliuliza swali pekee la biolojia la siku ile. Nilikuwa nimemkata chura kutoka kwenye manyunyu kwa ustadi kuliko handaki lolote, halafu nikaita hiyo elimu kwa umma. Makala zetu nyingi humu zina tabia hiyo: tunampenda mnyama wa ajabu, tunampa aya sita, na mahali pake tunapapa mstari mmoja wenye neno "makazi". Tukifanya hivyo tunamsaidia Baba Neema kucheka, maana chura tuliyemwonyesha kweli ni kitu kidogo cha kubebwa kwenye boksi.

Kwa hiyo nakupa kazi, msomaji. Ukikutana tena na habari ya chura wa Kihansi, iwe ya kulaumu au ya kusifu, itafute idadi ya vyura, kisha tafuta idadi ya pili: maji yanayopita korongoni ni kiasi gani kwa sekunde, na mabomba yananyunyiza siku ngapi kwa mwaka bila kukatika. Kama mwandishi amekupa ya kwanza bila ya pili, hajakwambia kama chura anaishi. Kipimo hicho kinafaa pia kwa mnyama yeyote mdogo utakayeambiwa "ameokolewa", hata yule salamanda wa kwenye video.

Na kama unadhani haya ni mambo ya mbali, kumbuka kwamba tangu 2010 vyura hawa wamefugwa hapahapa Dar, kwenye kampasi ya Mlimani. Kutoka Wazo unafika kwa daladala. Chumba chao kinahitaji pampu na mashine za kunyunyiza zifanye kazi bila kusimama, na mashine hizo zinaendeshwa na umeme.

Hilo nilimweleza Baba Neema jioni iliyofuata. Alinyamaza kidogo, akauliza: "Kwa hiyo umeme ukikatika na wao wanaumia?" Nikamwambia ndiyo, kwa sababu tulishayachukua maji yao. Hakucheka. Akamwita binti yake aje asikilize, na ikabidi nianze upya, safari hii kwa kuanza na maporomoko.